Jinsi Tulivyopata Chumba cha Kushonea Nyumbani

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kusoma habari za michezo, safari na ufugaji wa kuku. Mimi leo nataka kuwaeleza habari ya chumba kimoja, maana wengi wetu tuna mama, shangazi au dada anayeshona nyumbani, na cherehani yake huwekwa po pote panapobaki nafasi. Labda wenzangu wa bweni watacheka kwamba mvulana anaandika habari za kushona. Na wacheke, lakini wakifika mjini watazame kwenye baraza za maduka, waniambie mafundi wanaokaa pale nyuma ya cherehani ni wanaume wangapi.

Kwetu ni Ngamiani, katika mji wa Tanga. Nyumba yetu ni ya namna ile ya zamani ya pwani: mbele pana baraza, katikati umepita ukumbi mrefu, vyumba vitatu viko upande huu na vitatu upande huu, na nyuma kuna ua wenye jiko, stoo na choo. Vyumba viwili wamepanga watu. Kimoja ni cha baba na mama, kimoja cha bibi pamoja na wadogo zangu wa kike, kimoja kilijaa kabati, vyombo na mdogo wangu wa kiume, na kimoja cha mbele, upande wa barabara, kilikuwa changu.

Cherehani ya mama ilikaa mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa uani, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mwanga. Lakini hapo ndipo pia palipokuwa na njia. Mwenye kwenda kuoga alipita hapo, mwenye ndoo ya maji alipita hapo, na wakati wa kula mkeka ulitandikwa hapo hapo. Basi kila asubuhi mama alitoa cherehani, meza ndogo, pasi na mafurushi ya vitambaa; na kila jioni alivirudisha vyote chumbani kwake. Mashati alikatia chini juu ya mkeka, amepiga magoti.

Mwezi wa Desemba nilipokuwa ningali Kidato cha Pili, yalitokea mambo mawili katika juma moja. La kwanza, mtoto mdogo wa mpangaji alikanyaga pini, ikamwingia kisiginoni. La pili, mdogo wangu alijikwaa kwenye waya wa pasi akiwa na sufuria ya mchuzi, na mchuzi ukamwagikia mashati sita meupe ya shule, ambayo wenyewe walikuwa waje kuyachukua kesho yake. Manjano haitoki katika kitambaa cheupe. Mama alinunua kitambaa kingine kwa fedha yake, akakesha siku mbili akishona upya, na kazi ile hakuilipwa hata senti. Hakumpiga mtoto. Alikaa tu juu ya kigoda akayatazama yale mashati, na mimi sikupenda kumwona vile.

Likizo ya mwezi wa Juni iliyofuata, nikiwa Kidato cha Tatu, nilimkuta baba ana shauri lake. Alitaka kukipangisha chumba changu kwa shilingi 40,000 kila mwezi, kwa kuwa mimi nipo shuleni sehemu kubwa ya mwaka. Mimi sikulipenda shauri hilo, na ili kulipinga nikachukua daftari nikafanya hesabu. Hapa ndipo nilipojifunga mwenyewe.

Nilikaa siku tatu nikipima kwa saa. Kutoa vyombo asubuhi na kuvipanga kulimchukua mama nusu saa, na kuvirudisha jioni nusu saa nyingine. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, hizo ni saa 26. Sketi moja ya marinda, ikiwa imekwisha katwa, huchukua saa mbili. Kwa hiyo kila mwezi zilipotea sketi 13, na ufundi wa sketi moja ni shilingi 6,000, jumla shilingi 78,000. Nikampelekea baba nikasema, “Baba, kuliko kupangisha kwa 40,000, afadhali mama apate mahali pasipotakiwa kutoa na kurudisha vitu.” Baba akaisoma hesabu mara mbili, akaniuliza, “Na mahali penyewe ni wapi, mwanangu?” Nyumba nzima hapakuwa na mahali pengine ila chumba changu.

Baba alikuwa na neno jingine, nalo ni la kweli: sketi za shule hushonwa Desemba na Januari, na kidogo Juni na Julai. “Na mwezi wa Machi je?” akauliza. Sikuwa na jawabu. Aliyeamua ni bibi. Yeye alisema kwamba wapangaji tumewazoea, lakini mteja ni mgeni, na si vizuri kila siku wageni wapite ukumbini mpaka karibu na ua, wakati watu wako katika shughuli zao. Chumba cha mbele kina mlango wa hatua mbili tu kutoka barazani. Basi baba akakubali tujaribu mpaka mwisho wa Machi, kisha atatazama.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kabla ya kuinua kitu cho chote, chora. Mimi nilichukua karatasi ya grafu nikachora chumba changu, ambacho ni futi 10 kwa futi 10, kila futi nikaifanya nusu inchi. Halafu nikakata vipande vya karatasi kwa kipimo kile kile: cherehani, meza, kiti, kabati. Vipande hivi nikavisukuma huku na huku juu ya mchoro. Kazi hii yafanana na mchezo, lakini ilituokoa kubeba kabati zito mara tano.

La kwanza kutazama ni mwanga. Mwenye kutumia mkono wa kuume yafaa akae dirisha likiwa kushoto kwake. Sababu yake ipo katika cherehani yenyewe. Nguzo nene ya cherehani iko kuume na sindano iko kushoto. Mwanga ukitoka kuume, nguzo na mkono wako hutia kivuli juu ya sindano. Umbo hili ni la zamani sana. Elias Howe wa Marekani alipata hati ya cherehani yake mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851, na mpaka leo mshono wa cherehani ya nyumbani ni wa nyuzi mbili, mmoja wa juu kwenye sindano na mmoja wa chini kwenye bobini. Tena kitambaa hutoka kwa nyuma na uzito wake huangukia kushoto. Kwa hiyo usiibane cherehani kwenye kona. Acha nafasi kushoto, na nyuma acha walau kiasi cha kupita mkono na nguo, ama sivyo kitambaa kitajikunja ukutani na mshono utakwenda kombo.

Dirisha langu linatazama kusini. Kwa elimu ya Jiografia nilijua kwamba Tanga iko yapata digrii 5 kusini ya Ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi mpaka Septemba jua hupita upande wa kaskazini wa mji wetu, na dirisha la kusini hupata mwanga usio na jua kali. Mwezi wa Desemba jua huhamia kusini, lakini saa sita mchana liko juu sana, na paa la bati lililotokeza hulizuia. Jambo hili si dogo kwa fundi. Jua likipiga juu ya kitambaa cheupe macho huuma, na kitambaa cha rangi kikikaa juani siku nyingi hupauka kwenye mikunjo.

Kisha tulikihamisha chumba. Hapa nataka kuwaonya wenzangu, maana nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, kumbe ilichukua siku nne. Nyumba ni kama bao: ukizitoa kete katika shimo moja, hapana budi uzitie katika mashimo mengine. Ili kabati langu litoke, ilibidi liingie chumba cha vyombo. Ili liingie huko, sufuria kubwa za shughuli zilitakiwa kwenda stoo. Ili ziende stoo, ilibidi magunia ya mkaa yapangwe upya, na baiskeli ya marehemu babu, isiyo na magurudumu, itafutiwe mahali. Baba hakutaka iuzwe. Hata leo imening'inizwa kwenye boriti ya stoo. Vitu vyangu vilikuwa tranka moja, madaftari ya tangu darasa la tano, na picha za wachezaji wa mpira zilizobandikwa ukutani. Picha zile zilichanika nilipozibandua. Nilisema si kitu, lakini nilikasirika, na siku ile sikula chakula cha mchana.

Ukuta tuliupaka chokaa nyeupe. Nilistaajabu kuona chumba kile kile, dirisha lile lile, kimekuwa na mwanga zaidi, kwa sababu ukuta mweupe huurudisha. Sakafu ilikuwa na mashimo mawili, tukayaziba kwa saruji na kuacha siku tatu ikauke vizuri. Cherehani ya miguu haitaki sakafu yenye bonde. Mguu mmoja ukining'inia, meza hutikisika, na mkanda huchoka upesi.

Kitu kilichotugharimu zaidi ni meza ya kukatia. Ubao wa plaiwudi huuzwa futi 8 kwa futi 4. Fundi seremala alitukatia ukanda wa futi moja kwa urefu wake wote, tukabaki na meza ya futi 8 kwa futi 3, na ule ukanda ukafanywa rafu mbili za futi nne nne. Hakikupotea kipande. Upana wa futi 3 ni inchi 36, nao hutosha kwa sababu kitambaa cha sare chenye upana wa inchi 60 hukunjwa katikati, kikawa inchi 30. Ncha moja ya meza imegusa ukuta ulio mkabala wa dirisha, ili mama aweze kukata akiwa upande huu au huu, na ncha ya pili imebakiza futi mbili tu mpaka ukuta wa dirisha. Hupita mtu mmoja, tena ubavu.

Tulikosea kwenye miguu ya meza. Tuliifanya inchi 30, sawa na meza ya kulia chakula, kwa kuwa hicho ndicho kipimo seremala alichokizoea. Siku mbili baadaye mama alishika kiuno. Meza ya kukalia na meza ya kusimamia si kitu kimoja. Anayekata amesimama ameinama mbele, na meza ikiwa fupi mgongo hubeba mzigo wote. Tulimsimamisha mama, tukamwambia akunje viwiko, tukapima kutoka kiwiko kwenda chini kiasi cha upana wa kiganja na kidole kimoja zaidi. Ikatokea inchi 36. Seremala akaongeza vipande vya inchi 6 kwenye kila mguu, akavishika kwa vibao viwili viwili na misumari. Si meza nzuri ya kutazama, lakini haiyumbi.

Ndipo likaja swali la mimi kulala wapi wakati wa likizo. Mama alisema mkeka chumba cha mdogo wangu. Mimi nilitazama chini ya ile meza nikaona nafasi ya futi 8 kwa 3, na juu yake karibu futi 3. Kitanda changu ni upana wa futi mbili na nusu. Tulikikata miguu ikabaki inchi sita, kikaingia chini ya meza kama droo. Tukiwa shuleni sisi sote tumezoea vitanda vya ghorofa, na anayelala chini huwa ameona mbao juu ya uso wake miaka minne. Tofauti ni kwamba hapa wa juu ni mashati.

Kuhusu umeme nitasema machache. Cherehani yetu haihitaji umeme, pasi na taa ndivyo vinavyohitaji. Pasi ya wati 1,000 ikivuta moto saa nzima hula uniti moja ya LUKU. Balbu ya wati 9 huwaka saa zaidi ya 110 kwa uniti hiyo hiyo. Kwa hiyo usimnyime fundi taa kwa ajili ya kubana matumizi, bali pasi itumike kwa pamoja, nguo nyingi mara moja. Balbu tuliishusha kwa waya mpaka juu ya cherehani, upande wa kushoto na mbele kidogo. Zamani taa ilikuwa katikati ya dari, nyuma ya mshonaji, naye alikuwa akishona katika kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Pasi tuliiweka kwenye ncha ya meza iliyo ukutani, karibu na soketi, ili waya usivuke njia. Sikusahau ile sufuria ya mchuzi.

Jambo lililomfurahisha mama kuliko yote halikugharimu kitu. Nilipigilia misumari 20 ukutani katika safu moja, nikaandika namba chini ya kila mmoja. Kila mteja ana mfuko wake na msumari wake, na ndani ya mfuko mna kitambaa, vifungo, zipu na karatasi ya vipimo. Kabla ya hapo vilikuwa katika furushi moja, na iliwahi kutokea mtoto mnene kupewa kaptula ya mtoto mwembamba. Pini hukaa juu ya sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Ikianguka pini sakafuni, sumaku hupitishwa, nayo hukamatwa. Mkasi wa nguo una msumari wake, na ye yote atakayeukatia karatasi atamjua mama vizuri. Vitambaa havikai sakafuni kwa ajili ya unyevu na mende. Na kwa kuwa hewa yetu ni ya bahari na chuma hupata kutu, kila jioni cherehani hupanguswa na kufunikwa kwa shuka kuukuu, na mafuta hutiwa kila juma. Kona ya nyuma ya mlango tumefunga kamba na khanga mbili, hapo mteja hujaribia nguo yake mbele ya kioo.

Si yote yaliyokwenda sawa. Mpangaji mmoja aliye chumba cha pili hufanya kazi usiku na kulala mchana, akalalamika kwamba sauti ya cherehani humtikisia ukuta. Alikuwa na haki. Tulikata vipande vya tairi kuukuu tukaviweka chini ya miguu ya cherehani, tukaisogeza mbali na ukuta wake, na mama akawa anakata asubuhi na kushona kuanzia saa nane. Tena vumbi la barabarani liliingia dirishani likakaa juu ya mashati, ikabidi nusu ya chini ya dirisha tuweke pazia jepesi. Mwanga ulipungua kidogo. Hatujapata dawa nyingine.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Desemba uliopita. Misumari yote 20 ilikuwa imejaa, na mengine yalipangwa juu ya rafu. Mpaka shule zilipofunguliwa mwezi wa Januari mama alikuwa ameandika katika daftari lake wateja 41, wakati mwaka uliotangulia walikuwa 26, na hakuna aliyepokea nguo yenye doa. Nililala chini ya meza juma zima nikisikia mkasi ukitembea juu ya uso wangu mpaka saa nne za usiku. Nilizoea, ijapokuwa vipande vya uzi huanguka, na mara mbili niliamka na uzi mdomoni.

Sasa ni Machi, na jawabu la swali la baba sijalipata. Kazi za shule zimekwisha, na mama anashona mapazia na magauni ya vitenge, lakini si kila siku. Jumapili iliyopita tulipopewa ruhusa ya kupiga simu, mama alinieleza kwamba kuna mtu alikuja kuuliza kama chumba cha mbele kinapangishwa. Baba alimjibu kwamba chumba kile kina mtu. Nilimwuliza mama kama baba alikuwa anamsema yeye au mimi. Mama alisema hakumwuliza, kwa kuwa alikuwa na pindo la gauni mkononi.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV